Dhana za Msingi za Elimu ya Mazoezi ya Viungo kwa Walimu wa Shule za Msingi: Mifano kutoka Kisumu na Ukingo wa Ziwa Victoria

Utangulizi

Katika ratiba ya shule ya msingi, kipindi cha mazoezi ya viungo ndicho huazimwa kwa urahisi na kurejeshwa kwa nadra. Mwalimu wa Hisabati aliyechelewa kumaliza mada hukichukua, na mtihani ukikaribia hakuna anayeuliza kilikokwenda. Chini ya mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, somo hili lilikuwamo katika ratiba lakini halikutahiniwa katika KCPE, mtihani ambao ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Somo lisilotahiniwa aghalabu huchukuliwa kuwa somo lisilohitaji kufundishwa. Hata pale kipindi kinaposalimika, mara nyingi wanafunzi hupewa mpira mmoja huku mwalimu akiketi chini ya mti kusahihisha madaftari. Wachache wenye nguvu hucheza, na waliosalia husimama pembeni wakitazama.

Hali hii huelezwa kwa uhaba wa viwanja, vifaa na muda. Sababu hizo zipo wala hazipuuzwi hapa. Hata hivyo, iko sababu inayozitangulia, nayo ni kutobainika kwa dhana zenyewe. Mwalimu asiyejua kwa hakika anafundisha nini hawezi kukitetea kipindi chake mbele ya mwalimu mkuu, wala mbele ya mzazi anayeuliza kwa nini mtoto amerudi nyumbani na vumbi. Makala haya yanafafanua dhana za msingi za somo hili kwa mifano ya Kisumu na ukingo wa Ziwa Victoria, mahali ambapo mtoto kuutawala mwili wake kunaweza kuwa suala la kuishi au kufa. Wanafunzi wa Kiswahili wanahusika kwa njia mbili. Kwanza, wengi wao ni walimu au wataishia kuwa walimu. Pili, dhana huhitaji istilahi, na istilahi ni kazi yao.

Istilahi na Mipaka Yake

Maneno manne hutumiwa kiholela kana kwamba yana maana moja: mchezo, shindano, riadha na mazoezi. Mofolojia ya Kiswahili yenyewe inasaidia kuyatenga. Mchezo hutokana na kitenzi cheza. Ni tendo linalofanywa kwa ajili ya furaha yake lenyewe, na mtoto halihitaji kufundishwa na mtu ili alianze. Shindano hutokana na shindana, kitenzi cha shinda katika kauli ya kutendana; haliwezi kufanywa na mtu peke yake, na lengo lake ni kumpata mshindi. Riadha, neno lenye asili ya Kiarabu, katika matumizi ya Kenya limefungika kwenye mashindano ya kukimbia, kuruka na kurusha. Zoezi linahusiana na zoea na zoeza: ni jambo linalorudiwa kwa makusudi mpaka mwili ulizoee. Nacho kiungo hutokana na unga, yaani kile kinachounganisha sehemu za mwili.

Ukichukua maana hizi pamoja, elimu ya mazoezi ya viungo ni elimu inayomfundisha mtoto kuutawala mwili wake, kwa kuuzoeza hatua kwa hatua, ili mwili huo uwe na afya na uweze kutenda. Mchezo ni njia mojawapo ya kuifikia elimu hiyo, na shindano ni njia mojawapo ya kuipima, lakini hakuna hata kimojawapo kinachoweza kuchukua nafasi yake. Nchini Tanzania, shule za msingi ziliwahi kuwa na somo lililoitwa Haiba na Michezo. Jina hilo lilikuwa na fadhila ya kukumbusha kwamba mwenendo wa mtoto nao hujengwa uwanjani, ingawa lililiacha zoezi nje.

Tofauti hizi zina athari za moja kwa moja. Timu ya kandanda ya shule huchagua wachezaji 11 kati ya mamia. Kipindi cha mazoezi huwahudumia mamia hao wote, akiwemo mtoto mnene, mtoto mwoga na mtoto mwenye ulemavu. Mkataba wa kimataifa wa elimu ya viungo na michezo uliopitishwa na UNESCO mwaka 1978, na kurekebishwa mwaka 2015, unaitaja elimu hii kuwa haki ya kimsingi ya kila mtu. Haki ya kila mtu haiwezi kutekelezwa na timu ya watu 11. Kwa mantiki hiyo hiyo, mazoezi yasitumiwe kama adhabu. Mtoto anayezungushwa uwanja mara kumi kwa kuchelewa hufundishwa jambo moja tu, kwamba kukimbia ni mateso.

Mwili Unafanya Nini

Dhana ya kwanza ya kitaaluma ni miondoko ya msingi. Kama vile mwanafunzi wa lugha anavyoanza na sauti na silabi kabla ya kuandika insha, mtoto huanza na miondoko michache ambayo baadaye hujenga kila mchezo anaoujua. Miondoko hii huwekwa katika makundi matatu.

Kundi la kwanza ni miondoko ya kuhama, ambamo mwili hutoka mahali pamoja hadi pengine: kutembea, kukimbia, kuruka, kutambaa, kunyata na kupanda. La pili ni miondoko ya papo hapo, ambamo mwili husogea bila kuhama: kupinda, kunyoosha, kujikunja, kujizungusha, kuchuchumaa na kusimama kwa mguu mmoja bila kuyumba. La tatu ni miondoko ya kutawala vifaa: kutupa, kudaka, kupiga teke, kugonga na kudundisha. Mtoto wa gredi za chini akikosa kundi mojawapo, pengo hilo humfuata. Msichana ambaye hakuwahi kufundishwa kutupa husemwa baadaye kwamba hana kipaji cha mpira wa mikono, ilhali alichokikosa ni kufundishwa.

Hapa istilahi hudai uangalifu. Kitenzi ruka katika Kiswahili ni kipana mno. Mtoto huruka kwa miguu miwili pamoja, huruka kwa mguu mmoja, huruka mtaro kwa kutanguliza mguu mmoja na kutua kwa mwingine, huruka kamba, na ndege pia huruka. Kiingereza kina kitenzi tofauti kwa takriban kila kimojawapo cha vitendo hivi. Mwalimu anayetoa amri ya “rukeni!” pasipo kuongeza neno ataona darasa zima likifanya mambo manne tofauti, kisha alaumu usikivu wa watoto. Amri sahihi hutaja mguu unaoondoka na mguu unaotua: ruka kwa mguu wa kulia utue kwa huo huo, ruka kwa miguu miwili utue kwa miwili. Mwili unapokea maagizo kulingana na usahihi wa lugha.

Faida huenda pia upande wa pili. Watoto wengi wa Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori huanza shule wakizungumza Dholuo, na Kiswahili wanakikuta darasani. Uwanja ni mahali ambapo vitenzi vya mwendo na maneno ya mahali, kama vile ndani ya, kando ya, kati ya, mbele ya na nyuma ya, hufahamika bila tafsiri. Anayeambiwa asimame kati ya mawe mawili, akasimama, amelielewa neno hilo kwa mwili wake. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi, ambaye ndiye hufundisha masomo yote mawili katika gredi za chini, anaweza kuupata mwisho wa kipindi kimoja akiwa ameendeleza viwili.

Wapi, Vipi na Pamoja na Nani

Dhana ya pili ilikuzwa kutokana na kazi ya Rudolf Laban, mtaalamu wa dansi aliyezaliwa katika Milki ya Austria na Hungaria akafanya kazi Ujerumani na hatimaye Uingereza, ambako mwaka 1948 alichapisha kitabu kuhusu dansi katika elimu. Waelimishaji waliomfuata walitoa maswali manne ambayo mwalimu anaweza kuyauliza kuhusu tendo lolote la mwili: mwili unafanya nini, unafanya wapi, unafanya vipi, na unafanya pamoja na nani au na nini?

Swali la “wapi” huhusu nafasi: juu au chini, mbele au nyuma, mstari ulionyooka au wenye kona. Swali la “vipi” huhusu kasi, nguvu na mtiririko: upesi au polepole, kwa kishindo au kwa ulaini. Swali la mwisho huhusu uhusiano: peke yake, wawiliwawili, kwa kundi, pamoja na kamba au mpira. Manufaa ya maswali haya kwa mwalimu asiye na vifaa ni makubwa. Tendo moja la kutembea huweza kujaza kipindi kizima. Watoto watembee polepole kama mvuvi anayevuta wavu mzito, watembee upesi kwa kona bila kugusana, watembee wawiliwawili mmoja akiwa amefumba macho, watembee kwa mdundo wa makofi unaoongezeka kasi. Uwanja uliofurika pia hautakuwa kisingizio tena. Mwaka 2020 maji ya ziwa yalipanda hadi kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu miaka ya 1960, na sehemu za ukingo zikamezwa. Mwalimu anayejua maswali manne huweza kufundisha miondoko ya papo hapo katikati ya madawati.

Siha na Vijenzi Vyake

Dhana ya tatu ni siha. Watu husema fulani “yuko fiti” wakimaanisha kwamba ana nguvu, lakini nguvu ni kijenzi kimoja tu kati ya vitano vinavyohusiana na afya. Cha kwanza ni stahamala ya moyo na mapafu, yaani uwezo wa kuendelea na kazi kwa muda mrefu bila kuishiwa pumzi. Cha pili ni nguvu za misuli. Cha tatu ni stahamala ya misuli, ambayo ni uwezo wa kurudia tendo moja mara nyingi, kama anavyofanya mpiga kasia. Cha nne ni unyumbufu, uwezo wa viungo kupinda na kunyooka kwa upana wake wote. Cha tano ni uwiano wa mafuta na misuli mwilini.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba watoto wa umri wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 kwa siku za shughuli za mwili za kiwango cha kati hadi cha juu. Mtoto wa kijijini anayetembea kwenda shule na kuteka maji huenda akafikia kiwango hicho bila msaada. Mtoto wa mtaani Kisumu anayepelekwa shule kwa tuktuk na kurudi mbele ya televisheni anahitaji kipindi cha shule zaidi. Mwalimu anaweza kuwafundisha watoto kujipima wenyewe: wabonyeze vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, wahesabu mapigo kwa sekunde 15 na kuzidisha kwa 4, kabla ya kukimbia na baada yake. Hesabu hiyo huwapa ushahidi wa kile kinachotendeka ndani ya miili yao, na kuzidisha kwa 4 hakumdhuru mwalimu wa Hisabati.

Hazina ya Michezo ya Mahali

Mtaala unaposisitiza matumizi ya mazingira, mwalimu wa ukingo wa ziwa hana haja ya kuanza na vifaa vya dukani. Jamii ya Waluo ilikuwa na adhula, mchezo wa mpira na fimbo unaofanana na magongo, na olengo, yaani mieleka. Adhula hufundisha kugonga, kukimbia ukibadili mwelekeo na kuzingatia nafasi ya mwenzako. Olengo hufundisha mizani ya mwili, nguvu na kustahi mpinzani. Watoto wa leo wana yao pia: kati, ambamo anayesimama katikati hukwepa mpira unaorushwa kutoka pande mbili, blada, kuruka uzi wa mpira unaopandishwa kutoka kwenye vifundo vya miguu hadi kiunoni, na tapo, kukimbizana na kuguswa. Kati ina karibu miondoko yote ya makundi matatu, tena huchezwa zaidi na wasichana, ambao katika vipindi vya mpira mmoja ndio husukumwa pembeni.

Kazi ya mwalimu si kuwafundisha watoto kati, kwa maana wanaijua kumliko. Kazi yake ni kuigeuza kuwa somo: kupunguza umbali kwa mrushaji dhaifu, kuunda makundi madogo ili kila mmoja apate zamu, kuamuru mkono usiozoeleka utumike, kumruhusu mtoto anayetumia gari la magurudumu kurusha kutoka mahali alipochagua. Mipira hutengenezeka. Zamani mifuko ya plastiki ndiyo iliyofungwa kwa kamba, lakini Kenya iliipiga marufuku mifuko hiyo ya kubebea bidhaa tarehe 28 Agosti 2017. Matambara yaliyofungwa ndani ya kipande cha wavu mkuukuu, au majani makavu ya mgomba yaliyosokotwa, hufanya mpira unaodakika vyema na usioumiza. Nyavu chakavu na maboya hazikosekani katika fuo za wavuvi wa omena.

Maji kama Mtihani wa Elimu Hii

Umuhimu wa dhana hizi huonekana wazi zaidi majini. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, na mamia ya abiria wakafa. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, na watu zaidi ya 200 wakapoteza maisha. Ajali hizo zilitokea upande wa Tanzania, lakini ziwa ni lile lile, na mbali na ajali kubwa kuna za mmoja mmoja zisizotangazwa redioni: mtoto aliyekwenda kuteka maji, kijana ambaye mtumbwi wake ulipinduliwa na upepo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021. Miongoni mwa hatua linazozipendekeza ni kuwafundisha watoto wa umri wa shule kuogelea na kujihadhari na maji.

Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa kitaifa katika gredi za chini mwaka 2019, uliuweka uogeleaji miongoni mwa mada zake. Utekelezaji ndio mgumu. Ziwa si bwawa la kufundishia. Maji yake ya kina kifupi yana konokono wanaoeneza kichocho, na katika baadhi ya fuo kuna viboko na mamba. Mwalimu anayewapeleka watoto 50 ziwani peke yake huwatia hatarini anapodhani anawaokoa.

Hata hivyo, sehemu ya elimu hiyo yaweza kufundishwa nchi kavu, na hapa makundi ya miondoko yanarudi. Kulala chali mikono ikiwa imetandazwa na pumzi ikidhibitiwa ni mwondoko wa papo hapo. Ndio mkao wa kuelea. Kutupa ni mwondoko wa kutawala kifaa. Mtungi mtupu wa plastiki wa lita 20, wenye kifuniko kilichokazwa, huelea na unaweza kumshikilia mtu. Watoto hufungiwa mtungi huo kwa kamba, duara likachorwa uwanjani kuwakilisha anayezama, nao wakajizoeza kuutupa mpaka uangukie ndani ya duara. Pamoja na zoezi hilo hufundishwa kanuni ya uokoaji: ita msaada, mfikie kwa fimbo, mtupie kinachoelea, wala usiingie majini. Kanuni hii ina uzito kwa kuwa mara nyingi anayemrukia mwenzake bila ujuzi huzama naye. Ifahamike kwamba mazoezi ya nchi kavu hayamfanyi mtoto mwogeleaji. Pale penye bwawa safi na mkufunzi, shule itafute makubaliano. Lakini mtoto aliyezoezwa kutupa kwa shabaha ana jambo la kufanya siku ambayo wengine watapiga mayowe tu.

Mpango wa Kipindi

Kipindi cha gredi za chini ni dakika 30, na cha gredi za juu za msingi ni dakika 35. Muda huo unatosha iwapo umegawanywa. Dakika 5 za kwanza ni za kupasha mwili moto kwa miondoko myepesi. Dakika 20 au zaidi ni za umilisi mmoja uliotajwa waziwazi, kwa mfano “mwanafunzi aweze kutupa mpira kwa mkono wa juu akitanguliza mguu wa upande wa pili.” Dakika 5 za mwisho ni za kutuliza mwili na kuuliza maswali. Lengo likiwa moja na bayana, tathmini huwa rahisi: mwalimu hutazama mguu, si nani aliyetupa mbali zaidi.

Mambo machache ya usalama huongozana na mpango huo. Jua la Kisumu la adhuhuri ni kali, hivyo asubuhi inafaa zaidi, na maji ya kunywa yawepo. Mvua za alasiri zenye radi ni za kawaida katika bonde la ziwa. Ngurumo ikisikika, watoto waingie madarasani mara moja. Uwanja ukaguliwe vigae na mashimo kabla ya watoto wengi walio pekupeku kuanza kukimbia.

Hitimisho

Imeelezwa kwamba elimu ya mazoezi ya viungo ina maudhui yake: miondoko ya msingi, maswali manne yanayoipanua na vijenzi vya siha. Imeonyeshwa pia kwamba maudhui hayo hupatikana katika michezo ambayo watoto tayari wanaijua na kwa vifaa vilivyo ufuoni. Katika marekebisho ya hivi karibuni ya mtaala, somo hili limeunganishwa na sanaa na muziki chini ya sanaa bunifu. Muungano huo unaweza kulitajirisha, kwa sababu ngoma na mazoezi ni ndugu, au unaweza kulifukia kabisa ikiwa mwalimu hatajua ni sehemu ipi ya kipindi iliyo ya mwili.

Wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wana deni hapa. Istilahi za somo hili zimetawanyika, na nyingine hazijasanifiwa. Jopo la wanafunzi wachache likikaa na walimu wa gredi za chini wa Dunga, Usenge au Mbita, likaandika vitenzi vyote vya mwendo wanavyovitumia uwanjani na kuvipatia fasili, litakuwa limefanya utafiti wa leksikografia wenye manufaa ya moja kwa moja. Mwalimu atakayepata orodha hiyo atakuwa na majina ya anachokifundisha, na kitu chenye jina ni vigumu kuazimwa kwenye ratiba pasipo mtu kukiulizia.